Niliwavisha, Niliwavua

Jumapili ambayo Anselm alikuja kunichumbia rasmi, nilimwomba Mungu mambo mawili tu kule kanisani: kaneloni za mama, zile tambi za kujaza nyama, zisiungue, na mtu yeyote asiulize sana juu ya kazi yetu. Kaneloni ziliiva vizuri.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mpaka leo nikiikumbuka meza ile masikio yananiwaka moto.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, nyuma ya soko la Sant Antoni, hapa hapa Barcelona, na biashara yake ilikuwa katuni. Wachoraji kumi na wawili, wote wanaume, walichora hadithi za majumba yenye mizimu na wasichana wanaokimbia ndani ya majumba hayo wakiwa na nguo pungufu. Kurasa zenyewe zilipanda ndege kwenda New York. Kabla hazijaondoka zilipigwa picha, na nakala zile ndizo zilizochapishwa hapa nchini baada ya kupita mezani kwangu. Wakaguzi wa Madrid hawakutaka kuona kifua wala paja, na mimi ndiye niliyelipwa kuvificha. Nilikuwa na kalamu, wino mweusi na kichupa cha rangi nyeupe. Nilishusha sketi, nikapandisha kola, nikatupia shali mabegani. Wanaume nao hawakusalimika, kwani niliwasawazisha suruali pale mbele mpaka wakawa bapa kama ubao wa kupigia pasi.

Mama yangu, Bi Consol, alijivunia kazi hiyo kuliko nilivyojivunia mimi. Alimwambia hata padri. "Remei wangu anawasitiri wale wanawake wa karatasi," alisema, na padri akanibariki mkono wa kulia. Nilitaka ardhi ipasuke.

Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua ila mimi na Anselm. Anselm alikuwa fundi wa kuchora majumba, farasi, mawingu na nyuso. Nyuso zake zingekuliza. Lakini miili ilimshinda. Wanawake wake walisimama kama mabomba ya maji, na kila wiki New York walituma simu ya maandishi: kifua zaidi, kiuno kidogo zaidi, huyu mwanamume mpanue mabega. Bosi alishaanza kumtazama kwa jicho la kumfukuza. Mimi nilikuwa na miaka minne ya kufuata mistari ya miili ile ili niifiche, na mkono wangu ulikuwa unajua kila kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mchana mmoja wenzetu walipokwenda kula, nilimnyang'anya penseli.

"Hivi," nikamwambia.

Aliutazama ule mchoro, akanitazama mimi, akawa mwekundu mpaka shingoni. Sitaki kukudanganya, mapenzi yetu yalianzia pale, juu ya mwanamke asiye na mbavu.

Tangu siku hiyo miili yote kwenye kurasa za Anselm ilikuwa yangu. Jumatatu niliivua nguo, Alhamisi niliivisha. Na usidhani nililazimishwa. Nilikuwa hodari, na nilipenda kuwa hodari. Niliwahi kusimama mbele ya kioo nijaribu mkao waliotaka kule New York, kifua mbele na makalio nyuma kwa wakati mmoja, huku nikichungulia juu ya bega. Mgongo uliniuma siku tatu. Nilimdanganya mama kwamba nilibeba mtungi wa gesi. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba mwanamke yule hayupo duniani, na bado nilimchora, halafu nikiingia bafuni nilijitazama nikamwonea huruma Anselm kwa kunipata mimi.

Basi, turudi mezani.

Tulikuwa watano. Mama aliketi kichwani kwa meza, na kwenye kiti cha marehemu baba akakaa Anselm, suti imepigwa pasi, nywele zimelowa maji. Wazazi wake walikuwa mbali milimani Teruel, hivyo alijichumbia mwenyewe, maskini. Alikuwa ameleta keki ya duara kwenye boksi lililofungwa utepe, na kijiboksi kidogo chenye bangili ya uchumba, ambacho mama alikiweka karibu na sahani yake kama mtu anayelinda amana. Mbele yangu walikaa dada yangu Assumpta na mumewe, Ramir.

Ilikuwa Juni na joto lilikuwa kali, lakini dada Assumpta alikuwa amefunga kola mpaka chini ya kidevu. Ndivyo alivyovaa siku zote. Akiwa na miaka tisa alianguka kutoka paa tunapoanika nguo, mfupa wa mtulinga ukavunjika, ukaunga vibaya, ukatoka kinundu kilichopinda kama kiwiko cha mtoto. Hata gauni lake la harusi lilikuwa na kola ya mtawa. Mimi nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Mfupa ule ndio kitu cha kwanza nilichokiona kila asubuhi ya utoto wangu, na kwangu haukuwa na kasoro yoyote.

"Haya, mwanangu," mama alimwambia Anselm kaneloni zilipokwisha. "Nyumba umepata, mshahara umenieleza. Sasa nionyeshe na mimi hizo kazi zako. Binti yangu simpi mtu nisiyejua mikono yake inafanya nini."

Anselm alikuwa amejiandaa. Alitoa gazeti letu la katuni, toleo la hapa nchini, akalifungua ukurasa wa katikati.

Mama alivaa miwani. "Hili jumba zuri. Hawa popo nao, angalia, utadhani watatoka. Na huyu mwanamke kajifunika vizuri, ana heshima zake. Hii shali ni wewe, Remei?"

"Ni mimi, mama."

"Imetulia. Unaona, Ramir? Mmoja anachora, mwingine anasitiri. Nyumba ya watu wa namna hiyo haianguki."

Ramir alicheka puani. Alikuwa muuza nyuzi na vifungo, mtu wa maneno mengi na tumbo linaloanza, na mara mbili kwa mwezi alivuka mpaka kwenda Perpignan kwa Wafaransa. Biashara, alisema. Nusu ya wanaume wa Barcelona walikuwa na biashara Perpignan wakati ule, na biashara yenyewe ilikuwa kukaa gizani kutazama filamu zilizopigwa marufuku kwetu.

"Mama," alisema, "ukitaka kujua alichokisitiri mwanao, mimi ninalo toleo jingine."

"Toleo gani?"

"Ramir, kaa chini," dada alisema.

Hakukaa. Alikwenda kwenye koti lake lililotundikwa mlangoni, akarudi na gazeti limekunjwakunjwa, akalitandaza juu ya makombo ya mkate. "Nimelinunua kule kwa Wafaransa wiki mbili zilizopita. Nikaona sahihi hapa chini, A. Vidiella. Nikasema, loo, si mwanyumba wangu huyu! Nilitaka kumpongeza mbele ya watu."

Ulikuwa ukurasa ule ule, jumba lile lile na popo wale wale. Ila shali haikuwepo, wala chochote kilichokuwa chini ya shali.

Sikuwahi kufikiri kwamba zingerudi. Unanielewa? Kwangu kurasa zile zilikuwa zinakwenda ng'ambo ya bahari kama watu wanaokwenda kuishi huko moja kwa moja. Sikujua kwamba Wamarekani wangewauzia Wafaransa, na Wafaransa wangemuuzia shemeji yangu.

Mama hakupiga kelele. Alilitazama gazeti kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyu hawezi kusimama," alisema mwishowe. "Na hicho kiuno, matumbo anayaweka wapi? Na huyu mwanamume mbona amevimba hivi, kaumwa na nyuki?"

Ramir alivuta tumbo ndani bila kujijua.

"Ndivyo wanavyotaka kule, mama," Anselm alisema kwa sauti ndogo. "Mwanamume anachorwa ili msomaji atamani kuwa yeye. Mwanamke anachorwa ili..." Hakumalizia.

"Malizia, mwanyumba!" Ramir alimchekea. "Ili nini? Tuko familia hapa."

Ndipo nilipoona mkono wa dada yangu. Alikuwa ameinama atazame, na polepole mkono wake wa kushoto ulikuwa unapanda kifuani mpaka kwenye kola, ukakaa pale pale, juu ya ule mfupa, kama mtu anayezuia damu. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Mimi nikajua kabla sijatazama. Nilipotazama, mfupa ukawa unanitazama.

Katika mwili ule wote wa uongo kulikuwa na kitu kimoja cha kweli. Chini ya shingo, upande wa kushoto, mtulinga umepinda na una kinundu kama kiwiko cha mtoto. Sikumbuki niliuchora lini. Huenda nilikuwa nimechoka, na mkono uliochoka huchora unachokipenda. Alhamisi niliufunika kwa shali bila kuufikiria, kama nilivyofunika kila kitu.

Ramir naye aliuona ule mkono kwenye kola. Kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Alimtazama mkewe, akatazama gazeti, akamtazama tena mkewe.

"Toa mkono," alisema.

"Ramir..."

"Assumpta, toa mkono hapo."

"Hiyo ni nini?" mama aliuliza. "Mnatazama nini?"

Akainama yeye mwenyewe na miwani yake, na nikaona macho yake yalipofika. Alifanya ishara ya msalaba.

"Wewe!" Ramir alimgeukia Anselm, na kiti kikaanguka nyuma yake. "Umemwona wapi mke wangu?"

"Sijamwona mke wako, bwana."

"Huu mfupa ni wa nani? Eh? Mimi mwenyewe mumewe haniruhusu niuone ila taa ikiwa imezimwa! Wewe umeuona wapi?"

"Punguza sauti," mama alisema. "Majirani."

"Majirani nini, mama! Mke wangu yuko uchi kwenye gazeti, linauzwa Ufaransa nzima!"

Dada Assumpta alisema kitu kwa utulivu ambao sijausahau. "Wiki mbili unalo hilo gazeti, Ramir."

"Ndiyo, na..."

"Wiki mbili umemtazama huyo mwanamke. Umemtazama kila siku, maana kurasa zimechakaa. Na hukunijua?"

"Uso si wako," Ramir alisema.

"Ulikuwa unatazama uso?"

Ningecheka, kama ningekuwa kwenye meza nyingine. Ramir aliona aibu yake mwenyewe inamjia, na kama wanaume wengi akaamua kumpa mtu mwingine aibebe. Alimshika Anselm kola ya ile suti iliyopigwa pasi.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Wapi?"

Anselm alinitazama.

Ilikuwa mara moja tu, na haikuchukua hata pumzi moja. Hakunilaumu, hakuniomba. Alinitazama kama mtu anayeuliza, je, niseme au utasema? Tulikuwa tumeapiana. Mimi ndiye niliyemwapisha, kwenye ngazi za ofisi, kwamba asimwambie mtu yeyote duniani miili ile ni ya nani, kwa sababu ya mama, kwa sababu ya padri na mkono wangu uliobarikiwa. Sasa ningeweza kumfungua kiapo kwa neno moja.

Nikaangalia sahani yangu. Kulikuwa na mchuzi mweupe umeganda ukingoni. Nikauangalia kana kwamba ulikuwa na maandishi.

"Ufukweni," Anselm alisema. "Mwaka jana, tulipokwenda wote Castelldefels. Niliuona kwa bahati mbaya. Mchoraji huona vitu. Nisamehe, bwana. Nisamehe, Bi Assumpta."

Alikuwa anajaribu kutuokoa wote, mjinga wangu mpendwa. Lakini kila mtu pale mezani alijua kwamba Castelldefels dada Assumpta alikaa siku nzima chini ya mwavuli na blauzi yake imefungwa vifungo vyote saba, jasho linamtiririka, na hakugusa maji hata kwa kidole.

"Muongo," Ramir alisema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. Sasa hakuwa na hasira tena, alikuwa anaumia. "Mungu wangu. Ni kweli basi."

Mama alisimama. Alikichukua kijiboksi cha bangili, akakisukuma mpaka mbele ya Anselm.

"Chukua kitu chako, kijana. Utoke nyumbani kwangu."

"Mama," nilisema. Ndilo neno pekee nililolipata, na nililisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Nyamaza, Remei. Hujui ulichoepushwa nacho."

Anselm aliweka kijiboksi mfukoni. Aliinama kwa mama, akainama kwa dada yangu, akasahau kuchukua kofia, akarudi kuichukua. Alipopita nyuma ya kiti changu nilisikia harufu ya wino mikononi mwake, harufu ninayoipenda kuliko manukato yoyote. Alisita. Nadhani alinipa nafasi nyingine pale. Kisha mlango ukafungwa, taratibu, kwa adabu.

Ningekuwa na heshima ningeruka nimfuate. Sikuruka. Nilikaa pale na mikono mapajani, na jambo baya kuliko yote, nalisema kwa kuwa nimeamua kusema yote, ni kwamba kwa dakika moja nilipata nafuu. Siri ilikuwa imeondoka na yeye.

Ramir aliketi kwenye kiti cha marehemu baba. "Tangu lini?" alimwuliza mkewe.

Dada Assumpta hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Nikagundua kwamba alikuwa ananitazama muda wote, tangu lile neno la ufukweni, na hakuwa na hasira usoni, alikuwa anangoja. Duniani ni watu watatu tu waliowahi kuuona mfupa ule mchana kweupe. Mmoja alikuwa daktari aliyeuharibu, na alishakufa. Mwingine alikuwa mama.

"Niulize mimi," nilisema.

"We nyamaza," Ramir alisema, "na wewe umedanganywa vile vile."

"Sikudanganywa. Ni mimi. Anselm hajui kuchora miili. Anachora jumba na nyuso. Miili nachora mimi. Wanawake, wanaume, wote. Miaka miwili sasa. Huo mfupa nimeuchora mimi."

Mama alicheka, kicheko kifupi cha huruma. "Mwanangu, mapenzi haya. Unajitia tope ili umsafishe."

"Kweli, mama."

"Wewe? Wewe unavisha. Mkono huu?" Akaushika mkono wangu wa kulia, akautikisa hewani mbele ya Ramir kama ushahidi. "Mkono huu haujui uchafu ule."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maneno hayatatosha. Boksi la keki lilikuwa mezani. Nilitoa keki, nikageuza kifuniko upande mweupe, nikachukua penseli ambayo mama huandikia orodha ya sokoni. Mbele ya mama yangu, Jumapili, na picha ya komunyo ya kwanza ya watoto wake ikiwa bado imetundikwa kwenye fremu ukutani, nikaanza.

Sijui kama umewahi kufanya mbele ya mama yako jambo ambalo umelifanya miaka miwili kwa kujificha. Mstari wa kwanza niliuchora kwa woga. Mstari wa pili ulikuja wenyewe. Nilianza na shingo, kisha mabega, kisha kifua, kisha tumbo, na nikasikia mama anavuta pumzi kila nilipofika mahali ambapo kwa kawaida huweka nguo. Sikuweka. Ila sikuvunja mgongo pia, wala sikubana kiuno, kwa sababu New York hawakuwepo mezani. Kwa mara ya kwanza nilichora mwanamke anayeweza kusimama. Mwishoni nikapinda ule mtulinga, nikauwekea kinundu chake, nikaiweka penseli chini.

Haikuchukua hata dakika tatu.

Ramir alitazama penseli. Mama aliutazama mkono wangu, si mchoro, mkono. Kisha alichukua kitambaa chake cha mezani akakitandaza juu ya yule mwanamke, taratibu, kona kwa kona.

"Nilimwambia padri," alisema.

Hilo tu. Ningependa angenipiga.

"Nisamehe, mama."

Dada Assumpta alinyoosha mkono akainua kona moja ya kitambaa, akatazama chini yake kwa muda. Alipoongea sauti ilikuwa nzito.

"Ndivyo unavyouona?"

"Ndivyo ulivyo, dada."

"Uliniuza, Remei."

"Najua."

"Ulinitoa nje bila kuniuliza, wanaume wa nchi mbili wakanitazama. Hata huyu." Alimwonyesha Ramir kwa kidevu bila kumgeukia, na Ramir akainamisha kichwa. "Nitakukasirikia. Leo siwezi, nimechoka, lakini nitakukasirikia sana, ujue."

"Nitakungoja."

"Usiningoje mimi. Mimi nipo hapa hapa. Aliyetukanwa bado yuko kwenye ngazi, sijasikia mlango wa chini ukijifunga. Unatuambia sisi ya nini?"

Niliinuka, kiti kikagonga kabati la vyombo. Jengo letu lina ghorofa tano na halina lifti. Nilipofika kwenye kizingiti cha ngazi niliinama juu ya reli, nikaona kule chini kabisa, kwenye lile shimo la katikati, kofia ya Anselm inazunguka kona ya mwisho, polepole, kama ya mtu aliyekuwa akingoja kuitwa.

"Anselm!"

Kofia ilisimama. Hakutazama juu.

"Rudi!"

"Mama yako amenifukuza, Remei." Ngazi zilibeba sauti yake vizuri, kama kisima. "Na wewe ulikuwepo."

"Nimewaambia!"

"Umewaambia nilipoondoka."

Ilikuwa hivyo. Nilisikia komeo la mlango wa ghorofa ya tatu, halafu la pili. Chini yangu kikatokea kichwa chenye vibanio vya nywele, jirani yetu Bi Engràcia, ambaye mama hakuwahi kumruhusu ajue hata tunanunua nyama ya aina gani.

"Kuna nini, binti?" aliuliza akitazama juu. "Kuna moto?"

Anselm alikuwa ameshashika mlango wa barabarani. Mwanga uliingia mpaka kwenye vigae. Akiufungua wote angetoka, na mimi ningerudi ndani kula keki isiyo na boksi kwa maisha yangu yote.

"Ni wangu!" nilipiga kelele. "Wale wanawake walio uchi wote ni wangu! Nimewachora mimi, Anselm hajawahi kumvua mwanamke hata mmoja, hajui hata pa kuanzia! Na wanaume pia! Mimi ndiye niliyewavua wote!"

Mlango wa ghorofa ya nne nao ukafunguka. Mahali fulani redio ikazimwa. Nyuma yangu nilisikia mama anasema, polepole sana, jina la Bikira Maria.

Kule chini Anselm aliinua uso. Nilikuwa mbali, lakini niliona machozi, na niliona kwamba chini ya machozi kulikuwa na kitu kingine ambacho alikuwa anajitahidi kukizuia kisitoke mdomoni. Aliachia mlango ukajifunga wenyewe.

"Sikusikia vizuri," alisema. "Na nadhani Bi Engràcia naye hakusikia. Sema tena."

Nilishika reli kwa mikono miwili, uso unawaka mpaka kwenye mizizi ya nywele, nikasema tena.